Udaktari, PA au famasia: njia tatu kwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza Marekani

Jumapili iliyopita, tukiwa bado nje ya kanisa, mama mmoja alinishika mkono huku akimvuta mwanawe kwa mkono wa pili. "Dada, huyu yuko mwaka wa pili chuoni. Mwambie asome udaktari." Kijana akawa anatazama viatu vyake. Nilimuuliza muhula huu anasoma nini, akanitajia kemia oganiki, fizikia na mikrobiolojia, na usiku anafanya kazi kwenye ghala la vifurushi, saa 30 kwa wiki. Nikawaambia wote wawili turudi ndani tukae, maana neno hilo moja, udaktari, lilikuwa limefunika maswali mengi ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza yule kijana.

Naandika hapa niliyowaambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka nikiwa njiani kwenda nyumbani. Mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, nikafika Kentucky nikiwa na miaka 18. Leo ni PA (physician assistant) katika kliniki ya familia. Nilianza nikitaka udaktari, nikaonja famasia kiangazi kimoja, nikaishia hapa, na nimeridhika. Kwa hiyo nina upande wangu, na ni vizuri msomaji aujue mapema.

PA ni nani? Wazazi wengi hawajamsikia, ingawa huenda ndiye aliyewatibu wiki jana. Anampima mgonjwa, anatambua ugonjwa, anaandika dawa, anashona vidonda, na anashirikiana na daktari. Ukimkumbuka tabibu wa zahanati kule Kasulu, yule aliyesoma diploma ya miaka mitatu akatibu vijiji vitatu, umemkaribia sana. Hapa Marekani kazi hii ilianza Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, na wanafunzi wa kwanza walikuwa watu waliowahi kutibu majeruhi katika jeshi la wanamaji. Walikuja darasani tayari mikono yao ikiwa imeshagusa wagonjwa. Shikilia jambo hilo, nitalirudia.

Miaka minne ya kwanza si udaktari

Baba yangu alikuwa akinipigia simu kila mwezi: "Umeanza udaktari?" Namjibu bado. "Sasa huko chuo unasoma nini?" Alikuwa na haki ya kushangaa. Tanzania, mtoto akimaliza kidato cha sita na fizikia, kemia na baiolojia zake, akipata alama anaingia moja kwa moja: miaka mitano ya udaktari, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Marekani unasoma kwanza digrii ya miaka minne, ya fani yoyote unayotaka, ndipo uombe shule ya udaktari. Wanafunzi husema wako "pre-med", lakini hilo ni jina la safari tu. Unaweza kuwa na digrii ya historia ukaingia udaktari, mradi umemaliza kozi wanazodai.

Na kozi hizo, kwa njia zote tatu, zinafanana kwa karibu nusu: mwaka wa baiolojia na maabara yake, mwaka wa kemia ya jumla, takwimu, Kiingereza. Baada ya hapo zinaachana. Udaktari unataka mwaka mzima wa kemia oganiki, mwaka wa fizikia na walau muhula mmoja wa biokemia. PA unataka anatomia na fiziolojia, na mikrobiolojia. Shule nyingi hazikuombi fizikia kabisa. Famasia inachukua kidogo huku na kidogo kule: oganiki karibu lazima, anatomia na mikrobiolojia mara nyingi, na hesabu za kalkulasi shule nyingi zinaitaka. Angalia pia umri wa kozi. Programu nyingi za PA hazipokei kozi ya sayansi iliyopita miaka fulani, iwe mitano, saba au kumi. Na kama ulisoma sayansi Kampala au Dodoma kabla ya kuja, shule nyingi za udaktari zitakuambia uzirudie Marekani au Kanada.

Kozi peke yake hazitoshi kukuchagulia njia. Kinachotenganisha milango hii mitatu ni kile ambacho kila mlango unakipima kwanza. Udaktari unapima alama na mtihani. PA inapima saa ulizokaa na wagonjwa. Famasia inapima zaidi kama umemaliza kozi zake vizuri na unajua unakokwenda. Ukichagua mlango umechagua jinsi utakavyotumia jioni zako kwa miaka minne, na mwanafunzi anayefanya kazi ana jioni chache sana za kupoteza.

Udaktari: kila herufi inahesabiwa

Katika mwaka wa maombi wa 2024, watu zaidi ya 50,000 waliomba shule za udaktari za MD, shahada ya kawaida ya udaktari hapa, wakaingia kama 23,000. Wastani wa alama za walioingia ulikaribia 3.8 kati ya 4.0, na wastani wa MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, ulikaribia 512. Mtihani huo unaanzia alama 472 na kuishia 528, una sehemu nne, na pamoja na mapumziko utakaa mle ndani saa saba na nusu. Kujiandaa kwa wiki 12, saa 20 kila wiki, ni jambo la kawaida. Linganisha na yule kijana wa ghala mwenye saa 30 za kazi: wiki yake ina siku ngapi?

Hesabu ya alama inatisha ukiielewa, na ni afadhali uielewe mwaka wa kwanza. Tuseme umemaliza krediti 60, yaani miaka miwili, ukiwa na wastani wa 3.0. Ukipata A tupu katika krediti 60 zilizobaki, bila kukosea hata moja, utamaliza na 3.5. Ukianza na 2.7, A tupu zitakufikisha 3.35. Miaka miwili ya mwisho inavuta kamba, na miaka miwili ya kwanza imekaa kwenye ncha ya pili.

Mimi niliumia hapo. Mwaka wa pili nilichukua oganiki na fizikia muhula mmoja, huku nikifanya kazi zamu za usiku. Nilipata C na D. Mshauri wa masomo wa chuo changu aliniangalia kwa huruma akasema, "Rudia tu, ile D itafutika." Kwenye cheti cha chuo kweli ilifutika. Lakini mfumo wa pamoja wa maombi ya udaktari, AMCAS, huhesabu kila jaribio: ile D yangu na ile B niliyoipata baadaye zote zinaingia. Wa PA, CASPA, unafanya hivyo hivyo. Wa shule za DO ulikuwa ukiruhusu alama mpya ichukue nafasi ya ya zamani, ukaacha mwaka 2017. Hakuna aliyeniambia. Kama nimeandika makala haya kwa ajili ya sentensi moja tu, basi ni hii: muhula unaokushinda, jiondoe katika kozi kabla ya tarehe ya mwisho, ukubali W moja, yaani alama ya kujiondoa, kuliko kubeba D maisha yako yote ya maombi.

Nimetaja DO. Huyu ni daktari kamili, anaandika dawa, anapasua, anakuwa bingwa kama mwenzake wa MD; shule zake zinaongeza mafunzo ya kutibu kwa mikono kwenye mifupa na misuli. Tangu 2020 wote wanaingia mafunzo ya ubingwa kupitia mfumo mmoja wa ithibati. Wastani wa alama za kuingia uko chini kidogo. Mzazi anayemkataza mtoto DO kwa sababu herufi zimegeuka anamnyima mlango uliokuwa wazi.

Zaidi ya alama, udaktari unataka kukuona umejitolea, umemfuata daktari kazini ukitazama, pengine umefanya utafiti kwenye maabara ya profesa, na walimu wawili wa sayansi wanakufahamu kiasi cha kuandika barua. Hili la barua wanetu hulikosa zaidi kuliko akili. Tumelelewa kutomsumbua mwalimu. Hapa mwalimu ana saa za ofisi kila wiki na anategemea uende. Nenda wiki ya pili, na swali moja. Rudi wiki ya nne. Mtu aliyekuona mara kumi ana la kuandika.

Na ratiba ni ndefu: ili uingie Agosti baada ya kuhitimu, maombi unayatuma Juni ya mwaka wa tatu, na MCAT uwe umeshafanya. Wengi siku hizi hungoja mwaka mmoja au miwili baada ya digrii. Sioni aibu ndani yake. Ni mwaka wa kufanya kazi na kupumua.

PA: saa, na saa za aina gani

Hapa ndipo mtoto wa familia inayohangaika ana nafasi ambayo mwenzake wa familia yenye uwezo hana. Programu nyingi za PA zinataka saa 1,000 za kumhudumia mgonjwa kwa mikono yako, na wanaoingia mara nyingi wamezidisha mara mbili. Saa 1,000 kwa kazi ya saa 20 kwa wiki ni wiki 50. Saa 2,000 ni kama miaka miwili. Yule kijana anafanya kazi saa 30 kwa wiki ghalani. Zote hizo kwenye maombi ni sifuri. Akizihamishia kitandani kwa mgonjwa, kwa mshahara usiotofautiana sana, ni akiba.

Lakini si kila saa ni saa. CASPA inatenganisha saa za kumhudumia mgonjwa na saa za kuwa tu katika mazingira ya afya. Ukiwa CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, au EMT kwenye gari la wagonjwa, saa zako zinahesabika karibu kila mahali. Ukiwa skraibu, yaani unamwandikia daktari kwenye kompyuta wakati anaongea na mgonjwa, programu nyingine zinahesabu na nyingine hazihesabu, ingawa kwa udaktari skraibu ni kazi nzuri sana, maana unamsikia daktari akifikiri. Soma ukurasa wa kila programu kabla ya kuchukua kazi.

CNA ni mlango wa haraka. Sheria ya shirikisho inataka mafunzo ya saa 75 angalau, majimbo mengine yanaongeza, na nyumba nyingi za wazee zinakulipia mafunzo ukikubali kufanya kazi kwao. EMT ni miezi kadhaa na mtihani wa taifa. Kuna pia ukalimani wa hospitali, kazi ambayo Kiswahili chako kinakupa na hakuna kozi ya chuo inayoweza kumpa mwenzako: mafunzo ya saa 40, kisha mtihani wa CoreCHI ambao uko wazi kwa lugha zote. Kwa udaktari na famasia ukalimani unapendeza mno. Kwa PA mara nyingi unawekwa kundi la pili, kwa hiyo uchanganye na CNA.

Mimi nilikuwa CNA miaka miwili na nusu kwenye nyumba ya wazee. Zamu ya usiku, wagonjwa kumi na wawili. Kila saa mbili unamgeuza asiyeweza kujigeuza: unamvuta kwa shuka iliyolazwa chini yake, unaweka mto nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, unainua visigino visiguse godoro, kisha unatazama ngozi ya nyonga kwa tochi uone kama pamekuwa pekundu. Ukipaona pekundu, unapabonyeza kwa kidole. Pakipauka kisha damu ikarudi, bado kuna muda. Pakibaki vilevile, kidonda kimeshaanza na unamwita muuguzi sasa hivi. Siku ya usaili wa PA waliniuliza mgonjwa gani ninamkumbuka. Sikuhitaji kutunga. Niliwaeleza kidole changu na nyonga ya mzee mmoja aliyekuwa dereva wa treni, na wote watatu waliweka kalamu chini.

Mtihani wa kuingilia wa PA si mmoja. Programu nyingine zinataka GRE, nyingine PA-CAT, na nyingi hazitaki chochote. Mafunzo yenyewe huchukua wastani wa miezi 27, darasani kisha wodini, na hayaachi nafasi ya kufanya kazi. Kabla ya kutuma ada ya maombi, tafuta kwenye tovuti ya programu kiwango cha wahitimu wanaopita PANCE, mtihani wa taifa wa PA, mara ya kwanza; wanalazimika kukichapisha. Tazama na idadi ya walioacha njiani.

Famasia: mlango uliopanuka

Kiangazi kimoja nilifanya kazi duka la dawa, nyuma ya kaunta, nikihesabu vidonge kwa tano tano kwenye sinia la bluu. Bibi mmoja wa Uvira alikuja na mjukuu wake wa miaka kumi. Alikuwa na metformin ya kisukari, mara mbili kwa siku pamoja na chakula. Akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hii dawa inaniamsha usiku wa manane, na tumbo linanikata." Nikamwuliza anakunywa saa ngapi. Saa nane mchana na saa nane usiku. Mjukuu alikuwa amesikia "eight" akamwambia bibi saa nane. Hakukosea hesabu, alikosea saa. Kwetu siku inaanza alfajiri, na saa nane ya Kiingereza ni saa mbili yetu. Bibi alikuwa akiweka kengele usiku wa giza, akameza dawa bila hata kipande cha mkate, kwa wiki tatu.

Mfamasia alitoka nyuma ya kaunta, akakaa naye kwenye kiti cha kupimia presha, akachora jua na sahani kwenye chupa, kisha mwezi na sahani. Mimi nikatafsiri. Dakika sita. Daktari wake alikuwa ameandika dawa sahihi. Aliyeifanya imsaidie alikuwa mfamasia. Nimeeleza kisa hiki kwa sababu vijana wengi huona famasia kama udaktari ulioshindikana, na si kweli.

PharmD, yaani shahada ya famasia, ni miaka minne, lakini shule nyingi zinakupokea baada ya miaka miwili tu ya kozi za chuo, bila kumaliza digrii ya kwanza. Kwa hiyo ukijua mapema, unaweza kuwa mfamasia katika miaka sita. Mtihani wa kuingilia, PCAT, umefutwa tangu 2024. Waombaji wamepungua sana katika miaka kumi iliyopita huku shule zikiwa zaidi ya 140, hivyo nafasi zipo. Hiyo ni habari njema yenye upande wa pili: shule inayokupokea kwa urahisi inaweza kukutoa bila kukuandaa. Ulizia kiwango cha wahitimu wake wanaopita NAPLEX, mtihani wa leseni ya ufamasia, mara ya kwanza, linganisha shule tatu, na usijiandikishe kabla hujakiona.

Na maduka? Walgreens ilitangaza Oktoba 2024 kufunga maduka 1,200 katika miaka mitatu, na Rite Aid ilifunga yote 2025. Kazi za hospitali, kliniki na viwanda vya dawa zipo, ila nyingi za hospitali zinataka mwaka mmoja au miwili ya mafunzo ya ziada. Anayeipenda famasia aanze kwa kuwa teknishiani wa duka la dawa akiwa bado chuoni. Ndani ya miezi mitatu atajua kama anaipenda au aliipenda akiwa mbali.

Pesa na karatasi

Hapa sitazunguka. Kama uko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, mikopo ya serikali haikuhusu, shule nyingi za udaktari, hasa za majimbo, hazikupokei, na baadhi ya zinazopokea zinataka uoneshe fedha za mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuanza. Famasia iko wazi zaidi kwako. Kama ulikuja kama mkimbizi, au una grinikadi, mikopo na misaada ya serikali ni haki yako, na usikubali karani yeyote akuambie vingine bila kufungua kitabu.

Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imebadilisha hesabu. Kuanzia 1 Julai 2026, mwanafunzi mpya hana tena mkopo wa Grad PLUS uliokuwa ukifunika gharama yote. Wanafunzi wa shule za kitaaluma, kama udaktari, meno na famasia, wana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Wa digrii nyingine za juu wanaishia 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla, na katika tafsiri iliyojadiliwa na Wizara ya Elimu mwishoni mwa 2025, PA na uuguzi viliwekwa kundi hili la pili. Kwa PA ni pigo, kwa sababu miezi 27 ya programu nyingi inazidi kiwango hicho na kazi huwezi kufanya. Mimi nilisoma kabla ya hayo. Ningekuwa naanza leo, ningetafuta kwanza programu za vyuo vya jimbo langu, na ningeweka akiba tangu CNA.

Udaktari nao hauna nafuu: gharama ya miaka minne katika shule nyingi inapita dola 280,000 ukijumlisha kuishi. Mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo aombe mapema msaada wa ada wa AAMC, umoja wa shule za udaktari; unapunguza bei ya MCAT na kukufutia ada za maombi kwa shule kadhaa, lakini haurudishi pesa uliyokwisha kulipa. Upo pia ufadhili wa National Health Service Corps kwa watakaotibu maeneo yenye upungufu, madaktari na PA wote, ila ni wa raia tu. Aliyekuja kama mkimbizi anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano. Usilaze fomu hiyo kabatini.

Upande wa mapato, takwimu za Wizara ya Kazi za 2024 ziliweka mshahara wa kati wa PA kwenye dola 133,000 hivi kwa mwaka, mfamasia 137,000, na daktari zaidi ya 239,000. Lakini hesabu na umri. Aliyeanza chuo na miaka 18 na asiyesimama popote anaweza kuwa PA au mfamasia akiwa na 24 au 25. Daktari wa familia anamaliza mafunzo ya ubingwa akiwa na 29, wa upasuaji wa ubongo 33. Kama mama yako amechoka na wadogo zako bado wako shule ya msingi, miaka hiyo si namba ya karatasi. Ni kodi ya nyumba.

Meno na uuguzi, kwa ufupi

Meno inafanana na udaktari kwa kozi, ila mtihani ni DAT, na ukimaliza miaka minne majimbo mengi yanakuruhusu kuanza kazi bila mafunzo ya ubingwa. Uuguzi ndio njia pekee hapa inayokupa leseni ndani ya digrii ya kwanza yenyewe, au hata miaka miwili kwenye koleji ya jamii, na mwenye digrii nyingine anaweza kusoma ile ya haraka ya miezi 12 hadi 18. Mzazi anayesema "nesi tu" hajawahi kulazwa.

Nani aende wapi

Kama unapenda kujua chanzo cha ugonjwa mpaka mwisho, alama zako za miaka miwili ya kwanza ziko juu ya 3.6, na unaweza kuishi na madeni na kungoja, nenda udaktari, na usimruhusu mtu akupunguzie ndoto. Nenda pia huko kama unataka siku moja kutibu Bukavu au Kigoma, kwa sababu shahada ya udaktari inatambulika mbali, wakati PA ameandaliwa kwa mfumo wa Marekani na nchi chache nyingine. Kama alama ni za kati, unafanya kazi kwa lazima, na unapenda kukaa na mgonjwa kuliko kukaa na kitabu, PA itathamini hasa yale yanayokuchosha sasa. Kama wewe ni mtu wa makini, unayesoma karatasi ya maelekezo ya dawa mpaka chini, na unataka kumaliza mapema, nenda famasia, lakini chagua shule kwa jicho kali.

Na kama bado hujui, chukua kozi za udaktari na kazi ya PA: oganiki na biokemia darasani, CNA mwisho wa wiki. Mpango huo haukufungii mlango wowote kati ya mitatu mpaka mwisho wa mwaka wa pili. Baada ya hapo ni lazima uamue, kwa sababu MCAT na saa 2,000 haviingii kwenye wiki moja.

Yule kijana alinipigia Jumatano. Alikuwa amejiondoa kwenye fizikia siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, na nyumba ya wazee moja karibu na kwao inamlipia mafunzo ya CNA kuanzia mwezi ujao. Ghala ameliaga. Mama bado anataka udaktari, na yeye bado hajaukataa. Alikuwa na swali moja tu: anunue viatu gani. Nikamwambia visivyoteleza, vinavyooshika kwa maji, na saizi moja juu, maana saa kumi za alfajiri miguu huvimba.